Somo la Wiki: Jina la Rangi Lisimdanganye Mnunuzi wa Hisa

Anayesoma taarifa za kampuni za silaha hukutana na majina kama Tenifer, Melonite na Armornite. Yote yanahusu kazi moja: kukinga kutu chuma cha juu cha bastola, kile kinachokwenda nyuma na mbele kila risasi inapofyatuliwa. Chuma hicho hupata jasho, unyevu na msuguano wa mfuko wa ngozi.

Njia za kukikinga ni tatu.

Kwanza, kukichemsha katika kostiki soda na chumvi nyingine, kwenye nyuzi 140 hivi za Sentigredi, hadi kiwe cheusi. Hupendeza, lakini tabaka lake ni jembamba mno. Bila kupakwa mafuta, kutu huingia.

Pili, kukivika nikeli, krome au rangi ya kuokwa. Kinga ni nzuri, ila tabaka likichubuka kutu huweza kuanzia hapo.

Tatu, kukitumbukiza katika chumvi iliyoyeyuka kwa nyuzi karibu 580, ili naitrojeni na kaboni zipenye ndani. Hapo hakuna kilichopakwa. Ngozi ya chuma yenyewe hugeuka ngumu, wala haibanduki kama rangi. Kampuni ya Glock ya Austria, ambayo bastola yake ilichaguliwa na jeshi la nchi hiyo mwaka 1982, ilijipatia sifa kwa njia hii. Smith & Wesson ya Marekani iliitumia katika bastola za M&P zilizotoka mwaka 2005, kwanza kwa jina la Melonite, baadaye Armornite.

Somo liko hapa. Majina ni mengi, njia ni ya ukoo mmoja, na si siri ya mtengenezaji yeyote. Viwanda vya kutibu vyuma huifanya kwa malipo, hata kwa vipuri vya magari. Kwa hiyo mshindani naye anaweza kuipata.

Faida ya kweli hutafutwa kwenye hesabu. Mwekezaji aulize: kazi inafanyika kiwandani kwao au kwa mkandarasi? Gharama za kutengeneza bidhaa zilizorudishwa na wateja zinapungua?

Akumbuke pia kwamba Glock ni kampuni binafsi, hisa zake haziuzwi sokoni. Za Smith & Wesson huuzwa Nasdaq. Asilipe bei ya sifa ya mmoja kwa kununua hisa za mwingine.