Lugha ya Hitilafu: Kutatua Matatizo ya Linux kwa Kiswahili

Utangulizi

Makala hii inalenga kuonyesha kwamba utatuzi wa matatizo ya tarakilishi ni, kwanza, suala la ufasiri wa lugha. Mfumo wa Linux, ulioasisiwa na Linus Torvalds mwaka 1991, huyaeleza maradhi yake kwa maneno. Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliye likizoni Ndalu, kati ya Kitale na Bungoma. Tasnifu yake imo katika tarakilishi moja tu, na umeme umekatika akiandika.

1. Diski ya "kusoma tu"

Umeme ukirudi, huenda mfumo ukakataa kuhifadhi faili, ukidai kuwa diski ni ya kusoma tu. Huo si ukaidi bali ni tahadhari: Linux imegundua kasoro, ikazuia uandishi ili kasoro isienee. Mwanafunzi asikimbilie kurekebisha. Kwanza ainakili tasnifu katika flashi. Kisha aiwashe tarakilishi kwa mfumo ulio katika flashi nyingine, ndipo atumie amri fsck. Amri hiyo isitumiwe kurekebisha sehemu ya diski ambayo bado inatumika, kwani huweza kuiharibu zaidi.

2. "Hakuna nafasi iliyosalia"

Amri df -h huonyesha ukubwa uliobaki. Hata hivyo, pengine amri hiyo itaonyesha nafasi tele ilhali mfumo ungali unalalamika. Hapa neno "nafasi" lina maana ya pili: kila faili huhitaji pia kuandikishwa katika orodha ya mfumo, na orodha hiyo huweza kujazwa na faili ndogo ndogo nyingi mno. Amri df -i hulidhihirisha hilo. Katika hali ya kwanza tunafuta faili kubwa. Katika ya pili tunapunguza idadi.

3. "Ruhusa imekataliwa"

Kauli ya kutendwa humficha mtenda. Amri ls -l humfichua: huonyesha mmiliki wa faili na haki za kusoma, kuandika na kuendesha.

4. "Hakuna faili wala folda ya jina hilo"

Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo, Tasnifu.odt na tasnifu.odt ni faili mbili. Aidha, jina kama Sura ya Kwanza.odt lizungushiwe alama za mtajo katika amri, la sivyo litasomwa kama majina matatu.

Hitimisho

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Hatua hiyo ilithibitisha kuwa lugha yetu inaimudu tarakilishi. Changamoto kwetu wanaisimu ni kuufasiri pia ujumbe wa hitilafu, si menyu pekee. Kwani ni wakati wa hitilafu, kazi ya miaka ikiwa hatarini, ambapo mtumiaji huhitaji zaidi lugha anayoielewa barabara.