Peperomia Barazani: Vidokezo 6 kwa Wapenda Maua wa Mpanda

Kiangazi kimekolea, vumbi limetanda Katavi nzima, na maua ya barazani yanasinyaa moja baada ya jingine. Usikate tamaa! Ipo peperomia yenye majani manene, ua dogo linalotembea na kibuyu chake cha maji. Nyingi za aina hii asili yake ni Peru, lakini hata Mpanda zitakaa vizuri. Twende!

1. Tafuta mkia wa panya
Peperomia ni ndugu wa pilipili manga. Ua lake halina petali: ni kijiti chembamba kilichosimama wima, mithili ya mkia wa panya. Umekiona? Huenda umeshaipata.

2. Chungulia dirishani
Inua jani ulitazame kwenye mwanga. Peperomia dolabriformis ina jani lililokunjwa kama ganda la njegere, na ukingo wake wa juu unang'aa kama kioo. Hilo ni dirisha: mwanga unapenya hapo hadi ndani, jani lijipikie chakula. Peperomia graveolens nayo ina dirisha juu, ila tumbo lake ni jekundu.

3. Ogopa maziwa
Chuma jani moja. Likitoa utomvu mweupe, hiyo si peperomia. Huenda ni jamii ya mnyaa, ule unaopandwa kuzungushia ua. Nawa mikono upesi, na usiguse macho! Peperomia haina maziwa wala miiba.

4. Chenga za mkaa ni mali
Zile zilizobaki chini ya gunia usizitupe. Changanya kopo moja la chenga, moja la mchanga wa mtoni na moja la udongo wa bustani. Toboa kopo la kupandia chini, lijaze mchanganyiko huo, kisha mimina kikombe cha maji. Yakianza kuchuruzika kabla hujahesabu hadi 20, mchanganyiko umekubali.

5. Liulize jani
Kabla ya kumwagilia, finya jani taratibu. Likiwa gumu, akiba bado ipo, liache. Likilegea na kukunjika, mwagilia hadi maji yatoke chini. Jua la asubuhi linatosha. Lile la mchana wa Oktoba litaliunguza. Mvua za Novemba zikianza, sogeza kopo mbali na mchirizi wa bati, kwa maana peperomia huuawa zaidi na maji mengi kuliko kiu.

6. Kata, kausha, chomeka
Kata kipande cha tawi, kiweke kivulini siku 2 kidonda kikauke, kisha kichomeke kwenye udongo uleule. Baada ya wiki chache kivute kidogo. Kikigoma, kimeshika mizizi. Hongera! Sasa mpelekee jirani kopo moja, na umfundishe kufinya jani kabla hajashika ndoo.