SOMO LA WIKI: Gramu hupotelea wapi?

Katika Soko la Dhahabu la Geita, lililofunguliwa 2019, mzigo hulipwa kwa gramu. Ndani ya mizani ya elektroniki, kihisio cha uzito hutoa umeme wa milivolti chache tu. Mhandisi anayepanga saketi ya analogi ndiye huamua umeme huo upite wapi: njia zake mbili ziwe sambamba, zenye urefu sawa, mbali na joto na nyaya za umeme mkubwa. Akikosea, tarakimu hazitulii. Mizani ikipunja gramu 0.1, mchimbaji akipimiwa mara 10 amepoteza gramu nzima. Muuzaji, tazama alama ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo, kisha omba jiwe la mizani lililohakikiwa lipimwe kwanza.