Pikipiki ya Mtu Mrefu: Kabla Kikundi Hakijatoa Pesa

Somo letu la leo ni la vikundi ambavyo vimeweka akiba na sasa vinataka kununua pikipiki ya kazi, iwe ni ya mhudumu wa afya, ya mtu wa mifugo, au ya kijana atakayebeba abiria na kurudisha mkopo pole pole. Tangu serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo za chini ya cc 250 mwaka wa 2008, zimejaa kila mahali na kuchagua kumekuwa kugumu, maana nyingi zinafanana. Sisi tumezoea kuuliza maswali matatu: bei ni ngapi, inakula mafuta kiasi gani, na spea zinapatikana wapi. Ni maswali mazuri. Lakini liko la nne ambalo kikundi kimoja ninachokifahamu hapa Turkana hakikuliuliza, na hasara ikakipata: huyu mwenye kuiendesha ana urefu gani?

Kikundi hicho kilikuwa kimemchagua kijana wa mifugo, futi 6 na inchi 3. Akiingia ofisini kwetu huinama mlangoni. Wanakamati walikwenda mjini kununua bila yeye. Muuzaji akawaonyesha pikipiki mbili, injini ya ukubwa mmoja, tairi sawa, bei zimepishana kidogo tu, akawashauri wachukue ile yenye kiti cha chini kwa sababu ndiyo ya starehe. Wakaichukua. Baada ya miezi minne kijana akaanza kukosa safari. Goti linauma, mgongo umekaza, vidole vina ganzi. Kamati ikasema ni uvivu, na mwenyekiti akataka pikipiki apewe mtu mwingine. Hata mimi, nakiri, nilimwita kando nikamwuliza kama ameanza kunywa.

Basi siku moja yangu ikiwa kwa fundi niliazima ile yake. Mimi nina futi 5 na inchi 11, ambazo kwa mwanamke si haba, na nimeendesha pikipiki za kazi zaidi ya miaka kumi na tano. Nilikwenda vijiji vya upande wa Kalokol, nikarudi jioni nikichechemea. Nilimwomba msamaha yule kijana.

Kiti cha chini ni starehe ya nani?

Mtu mfupi anaposimamisha pikipiki hutaka miguu yake yote miwili ifike chini, hasa akiwa amebeba mzigo. Kwake kiti cha chini ni usalama. Mtu mrefu miguu yake inafika tu, hata kiti kikiwa juu. Shida yake huanza anapoinua miguu na kuiweka kwenye vikanyagio. Hapo kinachohesabika ni nafasi iliyoko kati ya kiti na vikanyagio, si kati ya kiti na ardhi.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Tuseme pikipiki mbili zote zina kiti kilicho sentimita 80 kutoka ardhini. Ya kwanza vikanyagio vyake viko sentimita 30 kutoka ardhini, ya pili viko sentimita 36. Ya kwanza inakupa sentimita 50 za kunyoosha mguu, ya pili inakupa 44. Ukiziangalia zimesimama dukani huwezi kuona tofauti. Sentimita sita ni upana wa vidole vitatu tu. Lakini mtu mwenye mguu mrefu atazihisi kabla hajafika kilomita ya ishirini.

Karatasi za kampuni huandika kimo cha kiti peke yake. Honda XR125L, kwa mfano, huandikiwa milimita 825, yaani sentimita 82 na nusu. Namba hiyo inakwambia kama utafika chini. Haikwambii goti litakunjwa namna gani. Kwa hiyo nendeni na tepu ya fundi cherehani. Pimeni kutoka juu ya kiti, pale mtu anapokalia, mkashuke moja kwa moja mpaka juu ya kikanyagio, muandike. Kisha mfanye vivyo hivyo kwa ile nyingine.

Kama hamna tepu, tumieni macho. Mwenye kuiendesha aketi, miguu juu ya vikanyagio, na mwingine amtazame kutoka upande. Goti likikunjwa kama la mtu aliyeketi kwenye kiti cha kawaida cha mezani, hapo ni sawa. Likipanda juu kama la mzee aliyekalia ekicholong chake, hiyo pikipiki si yake. Mzee huyo anaweza kuinuka wakati wowote akanyoosha miguu. Aliye kwenye pikipiki hawezi, na goti lililokunjwa sana kwa saa nzima hubanwa ndani ya kifuniko chake. Tena uzito wote huenda matakoni, kwa sababu mapaja yameinuka na hayabebi kitu.

Usukani na mchanga

Baada ya miguu, tazameni mikono. Mtu mrefu akikuta usukani uko chini au mbali, atainama mbele na kuegemea viganja. Ganzi ya vidole mara nyingi hutoka hapo. Ukiwa karibu mno, viwiko vitabanwa mbavuni, na akikata kona magoti yatagonga usukani. Hili la magoti ni la hatari, si la starehe tu. Zungusheni usukani mpaka mwisho kulia na kushoto huku ameketi, muone.

Kwetu huku kuna jambo jingine ambalo watu wa lami hawalifikirii sana. Kwenye laga na kwenye mchanga mzito huwezi kuketi njia yote. Unasimama juu ya vikanyagio, mikono ikilegea, pikipiki icheze chini yako. Mtu mrefu akisimama na usukani uko chini, anakuwa kama mtu anayepalilia kwa jembe fupi. Kwa hiyo dukani asiketi tu, asimame pia.

Hizi zilizoko sokoni kwetu zina tabia zake. Boxer na TVS HLX zimetengenezewa kubeba watu na mizigo, na kiti chao ni kirefu. Mrefu akiwa peke yake anaweza kusogea nyuma akapata nafasi, na hiyo ni faida kubwa. Akipakia abiria wawili, kama tunavyoona kila siku ingawa sheria inaruhusu mmoja, anasukumwa mpaka kwenye tangi na faida yote inaisha. Vilevile nyingi za namna hiyo zina gia ya kukanyaga mbele kwa vidole na nyuma kwa kisigino. Mwenye kiatu namba 12 mguu wake hubanwa katikati. Yamaha AG100, ambayo maofisa wa kilimo na mashirika wameitumia miaka mingi, ni ngumu kama punda na ina keria mbele na nyuma, lakini kiti chake ni cha mtu mmoja. Nyuma yako kuna chuma cha keria, huna pa kusogea. Zile za namna ya Honda XL na XR zina usukani mpana na kiti cha juu, na mimi mwenyewe napenda kuzisimamia mchangani. Ila hata hizo msizinunue kwa jina. Pimeni.

Jaribio la dakika mbili dukani halitoshi. Kila pikipiki ni tamu kwa dakika mbili. Muuzaji akikataa isitoke, tafuteni kwenye steji mwenye pikipiki ya aina hiyo hiyo, mmtilie mafuta kidogo, mrefu wenu aende nayo nusu saa. Avae buti zake za kazi na helmeti, na apakie mtu. Akirudi msimwulize kama ameipenda. Mwulizeni wapi panauma.

Kama imeshanunuliwa

Wengi wenu mtasoma haya pikipiki ikiwa tayari iko uani. Yako mambo ya kufanya. Anzeni na yasiyo na gharama. Legezeni usukani kwenye vishikio vyake, mzungushe kidogo kuelekea kwa mwendeshaji au mbali naye, mkaze tena sawasawa. Wekeni alama ya rangi pale ulipokuwa, ili mkikosea mrudi. Mguu wa gia umeshikwa kwenye meno. Ukitolewa na kupandishwa jino moja, buti kubwa linaingia chini yake bila kulazimisha. Pedali ya breki pia ina nati ya kuirekebisha. Nyuma, chini ya springi za shokomzoba, mara nyingi kuna pete yenye ngazi. Ikipandishwa, pikipiki haitalala nyuma mzigo ukiwa mzito, na taa haitaangaza juu ya miti.

Kinachosaidia goti zaidi ya yote ni kuinua kiti. Fundi wa viti anaweza kuongeza sponji ya sentimita nne au tano. Mwambieni aweke sponji ngumu ya kochi. Ile laini ya godoro itabonyea kabisa kabla ya mwezi kuisha na mtakuwa mmerudi palepale. Sasa angalieni: kiti kikipanda, usukani ni kama umeshuka. Mgongo ulioponea magoti utaanza kuinama. Huenda mkahitaji usukani wa juu zaidi, na hapo pana hatari ambayo nimeiona kwa macho: waya wa mafuta ukiwa mfupi, ukikata kona kabisa unajivuta wenyewe na injini inanguruma bila wewe kutaka. Washeni injini pikipiki ikiwa kwenye stendi, mzungushe usukani pande zote mbili. Sauti ikibadilika, msiipeleke barabarani.

Mafundi wengine watawaambia warefushe shokomzoba kwa vipande vya chuma. Kataeni. Pikipiki yote inapanda pamoja na vikanyagio vyake, goti linabaki vilevile, na usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi. Kuchomelea vikanyagio chini zaidi nako nimekuona. Vinakwaruza ardhi kwenye kona, na siku chuma kikiachia mguu unakwenda nacho.

Yule kijana wetu tuliinua kiti chake sentimita tano na kuzungusha usukani. Maumivu yalipungua, hayakuisha. Alijifunza pia kushuka kila baada ya saa moja na kutembea kidogo, ambalo ni jambo jema hata kwa mtu wa futi tano. Kikundi kilipopata pesa za pikipiki ya pili, alikwenda mjini mwenyewe na tepu mfukoni, akachagua ile iliyomwachia nafasi ya mguu. Ilikuwa ghali kidogo kuliko nyingine na mweka hazina alinung'unika njia nzima. Ile ya kwanza ilirudishiwa kiti chake cha zamani, ikapewa mama mhudumu wa afya ambaye ananifikia begani. Anaipenda sana. Anasema haijawahi kumchosha.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Katika kikundi chetu, ni nani aliyekwenda kununua kifaa cha kazi, na ni nani anayekitumia? Je, ni mtu mmoja?

2. Pimeni nafasi kati ya kiti na kikanyagio kwa kila pikipiki iliyokuja mkutanoni leo. Warefu na wafupi wabadilishane, kila mmoja akae dakika kumi bila kushusha miguu, pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa. Mmeona nini?

3. Kuna mtu kati yetu tuliyemwita mvivu? Tuliwahi kumwuliza panapouma?