Elimu ya Afya: Anayesubiri Pampu ya Insulini Asiache Sindano

Mtu mwenye kisukari cha aina ya kwanza anayejidunga insulini mara 4 kwa siku hujidunga mara 1,460 kwa mwaka. Hapo hajahesabu kutoboa kidole ili kupima sukari. Mwanafunzi wa bweni hufanya hayo huku wenzake wakikimbilia foleni ya chakula. Ndiyo maana familia nyingi, zikisikia kuna mashine ndogo inayotia insulini mwilini bila sindano ya kila mlo, huiulizia hospitali moja baada ya nyingine. Wengi hurudi nyumbani mikono mitupu na wamekata tamaa.

Somo hili linaeleza pampu hiyo hufanya nini, kwa nini ni vigumu kuipata, na mambo ambayo mgonjwa anaweza kuyafanya leo akiwa bado anasubiri.

Ugonjwa wenyewe

Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili huharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Ugonjwa huu hauletwi na kula sukari nyingi, wala si kosa la mzazi. Insulini ikikosekana, sukari hurundikana kwenye damu, mwili huanza kuchoma mafuta, na asidi ziitwazo ketoni huzidi hadi kuhatarisha maisha.

Zamani ugonjwa huu ulikuwa hukumu ya kifo. Januari 1922, mjini Toronto nchini Kanada, mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alikuwa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kudungwa insulini. Zaidi ya miaka 100 baadaye, insulini bado ndiyo dawa inayowaweka hai watu hawa. Sindano na pampu ni njia mbili tu za kuifikisha mwilini.

Pampu hufanya nini?

Pampu ni kifaa kidogo kinachovaliwa kiunoni au kubandikwa mwilini. Hubeba insulini inayofanya kazi haraka na kuitia kidogo kidogo usiku na mchana kupitia kimrija laini kilichopenyezwa chini ya ngozi. Wakati wa kula, mgonjwa huiamuru iongeze dozi. Kimrija hicho hubadilishwa kila baada ya siku 2 au 3.

Pampu haiponyi kisukari, na anayeitumia bado anahitaji kufuatilia sukari yake. Tena ina hatari yake: kwa kuwa haina insulini ya muda mrefu, kimrija kikiziba au betri ikiisha, ketoni zinaweza kupanda ndani ya saa chache. Mwenye pampu hukaa na sindano na insulini ya akiba.

Kwa nini ni vigumu kuipata?

Bei ya pampu mpya ni shilingi laki kadhaa, na gharama haziishii hapo. Mirija, vihifadhi vya insulini na betri hununuliwa mwaka mzima. Anayeletewa pampu iliyotumika na jamaa aliye ng'ambo aulize kwanza: Je, vipuri vyake vinapatikana Kenya? Nani ataipanga kulingana na dozi zangu? Ikiharibika, nitaipeleka wapi? Asiivae kabla daktari hajaikagua.

Hesabu ya dozi

Pampu na sindano hutumia hesabu ileile. Tuseme daktari amempangia mgonjwa yuniti 1 kwa kila gramu 15 za wanga, na kwamba yuniti 1 humshushia sukari kwa 3. Sahani yake ina gramu 60 za wanga, kwa hiyo chakula kinahitaji yuniti 4. Amepima sukari akapata 13, na lengo lake ni 7. Imezidi kwa 6, hivyo aongeze yuniti 2. Jumla ni yuniti 6.

Nambari hizi ni za mfano tu. Kila mgonjwa hupewa zake na daktari. Anayeijua hesabu hii amekwisha kujifunza sehemu kubwa ya kazi ya pampu.

Kuna hatua ya katikati

Wagonjwa wengi hutumia insulini mchanganyiko mara 2 kwa siku. Mpango huo huwalazimu kula kwa saa maalumu, na chakula kikichelewa sukari hushuka. Muulize daktari kama unaweza kuhamia kwenye insulini ya muda mrefu pamoja na ile ya haraka kabla ya kila mlo. Sindano zitaongezeka, lakini mgonjwa atapata nafasi ya kupanga dozi kulingana na chakula chake, jambo ambalo wengi hulitafuta kwenye pampu. Ulizia pia SHA inalipia dawa na vifaa vipi katika hospitali unayotibiwa.

Ya kuzingatia kila siku

• Chupa ambazo hazijafunguliwa zikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu. Insulini iliyoganda itupwe. Pasipo na friji, chungu cha udongo kilichozungukwa na mchanga wenye maji hupunguza joto. Weka chupa ndani ya mfuko usiopenyeza maji.

• Sukari ikiwa chini ya 4, au mgonjwa akitetemeka na kutokwa na jasho, anywe maji yenye vijiko 3 vya chai vya sukari. Apime tena baada ya dakika 15. Akipoteza fahamu, asinyweshwe chochote, akimbizwe hospitalini.

• Kiu kali, kutapika, maumivu ya tumbo, kupumua kwa kasi na pumzi yenye harufu ya matunda ni dalili za ketoni nyingi. Nenda hospitalini mara moja, hata kama ni usiku.

• Usiache insulini kwa sababu ya homa, kukosa hamu ya kula, mfungo au dawa za miti shamba. Dozi inaweza kubadilishwa na daktari, lakini insulini haisimamishwi.

• Mwalimu wa darasa na matroni wa bweni wajulishwe, na mwanafunzi aruhusiwe kubeba vifaa vyake na kitu cha sukari.

Uchovu wa sindano ni wa kweli, na mgonjwa anayelalamika si mvivu. Akianza kuruka dozi, mzazi asimgombeze. Amsindikize kliniki na waeleze ukweli wote. Kuitafuta pampu ni haki yake. Hadi siku atakapoipata, na hata baada ya hapo, insulini ya leo isimpite.