Kipimo cha Maji ya Uti wa Mgongo kwa Mzee Anayesahau

Tuchukue mfano wa mzee wa Shangani, Mtwara, mwenye umri wa miaka 70, ambaye tangu msimu uliopita wa korosho amekuwa akirudia swali lile lile na kusahau alikoweka fedha za mauzo. Hata hivyo anajipikia, na njia ya sokoni anaijua. Hali hii si demensia, yaani maradhi yanayoondoa kumbukumbu hadi mtu akashindwa kujimudu. Ni udhaifu wa kumbukumbu, na si kila aliye nao huishia huko. Wengine hubaki hivyo kwa miaka, wengine hurejea katika hali ya kawaida. Watoto wake wanataka kujua atakuwa katika kundi lipi.

Kipimo kinachotajwa kujibu swali hilo ni cha maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo. Daktari huyachota kwa sindano kiunoni, kama ifanywavyo mgonjwa anaposhukiwa kuwa na homa ya uti wa mgongo. Katika ugonjwa wa Alzheimer, chanzo kikubwa zaidi cha demensia, protini iitwayo amiloidi huganda ndani ya ubongo, hivyo katika maji hayo hupungua. Protini ya tau huongezeka. Mwenye udhaifu wa kumbukumbu pamoja na mabadiliko hayo mawili yumo katika hatari kubwa zaidi. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kipimo cha namna hii kwa watu wa miaka 55 na zaidi ambao tayari wana matatizo ya kumbukumbu, kisomwe pamoja na taarifa nyingine za mgonjwa.

Amiloidi ina tabia moja ya kusumbua: hunata kwenye kuta za chupa. Maji yakiwekwa katika kioo, au yakihamishwa chupa mara kadhaa, kiasi kinachosomeka hushuka, na mzee asiye na ugonjwa huonekana anao. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500. Basi ukiambiwa sampuli itasafirishwa, uliza inakwenda maabara gani, katika chupa ya aina gani, kwa ubaridi upi, na kama kitendanishi kimesajiliwa na TMDA. Omba majibu kwa maandishi. Anayeahidi kukutajia mwaka ambao demensia itaanza anakupotosha.

Tunashauri uanze na daktari wa Ligula. Upungufu wa vitamini B12, kasoro za tezi ya shingo, sonona, kaswende, VVU na baadhi ya dawa za usingizi huweza kudhoofisha kumbukumbu, na yote hayo yana tiba au marekebisho. Utafiti wa wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta demensia kwa takribani watu 6 kati ya 100 wa miaka 70 na zaidi. Waligunduliwa kwa maswali na uchunguzi wa kitabibu, bila sindano ya mgongo.

Iwapo daktari bingwa ataona sindano inahitajika, mtajieni dawa zote anazotumia mzee, hasa za kuzuia damu kuganda. Maumivu ya kichwa huweza kufuata. Yakizidi mzee anapoketi au kusimama, mrudisheni hospitali.