Simu Isiyo na Waya: Kwa Nini Wateja Waliihama Simu ya Mezani

Neno "simu" lina asili ya Kiajemi, na maana yake huko ni waya. Zamani lilitumika pia kwa telegramu, ndipo watu wakatofautisha "simu ya maandishi" na "simu ya mdomo". Leo mchuma chai wa hapa Boito ana simu mfukoni, waya hauonekani. Je, waya ulienda wapi? Fuatana nami.

Hadi mwaka 1999, simu zilikuwa chini ya Shirika la Posta na Simu. Mwaka huo shirika liligawanywa, na upande wa simu ukawa Telkom Kenya. Kenya ilikuwa na watu wapatao milioni 28.7, lakini laini za mezani zilikuwa kama laki tatu tu. Yaani watu mia, laini moja!

Kwa nini? Kwanza, kila mteja alihitaji waya wake mpaka kituo cha kuunganishia simu. Nyumba za huku kwetu zimetawanyika vilimani katikati ya majani chai, na kusimamisha nguzo kwa ajili ya boma moja ni gharama. Pili, wezi walikata waya za shaba wakauza. Tatu, bili ilikuja hata kwa asiye na mshahara. Basi wengi walipanga foleni kwenye kibanda cha simu, sarafu mkononi. Aliyefiwa alituma barua au mtu, na pengine jamaa wa mbali akafika mazishi yamekwisha.

Mwaka 2000 Safaricom na KenCell waliingia sokoni. Mlingoti mmoja ulihudumia vijiji kadhaa. Kadi ya kukwaruza ilimwezesha mtu kulipa kadiri ya mfuko wake. Aliyeishiwa na kredo alimflashi mwenzake, yaani alipiga akakata kabla haijapokelewa. Kabla ya mwaka 2002 kwisha, simu za mkono zilikuwa nyingi kuliko za mezani. Mwaka 2007 ikaja M-Pesa, simu ikawa pochi.

Hata hivyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Simu ya mezani haikuhitaji kuchajiwa kila mara, na waliouza huduma ya simu vibandani walipoteza riziki. Tena waya haukufa: mwaka 2009 mikonga ya SEACOM na TEAMS ilifika Mombasa kupitia baharini, na intaneti ya rununu zetu hutegemea mikonga ya aina hiyo.

Kwa hivyo, wateja hawakuhama kwa kupenda mambo mapya tu. Wengi waya haukuwa umewafikia kamwe. Mwenye duka akikungojesha miaka, utanunua kwa jirani.

Zoezi
1. Tofautisha: simu ya mezani, rununu, kibanda cha simu.
2. Tunga sentensi ukitumia: mlingoti, mkonga, kukwaruza.
3. Jadili: Ni huduma gani nyingine hapa kwetu ambayo wateja bado wanaingojea?